Asili ya Watetezi wa Mafundisho ya Kikatoliki katika Maandishi ya Afrika ya Mashariki

Wanafunzi wetu hapa Nchiru, wakiulizwa ni akina nani walioyaeleza mafundisho ya Kanisa Katoliki katika lugha ya Kiswahili, aghalabu hujibu upesi: mapadre Wazungu. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu tu ya habari. Makala haya yanakusudia kuchungua watetezi hao walitoka wapi kabla ya kushika kalamu: walizaliwa katika dini gani, walifanya kazi gani, na lugha yao waliipata kwa nani. Nasadiki ya kwamba mambo hayo yameacha alama katika maandishi yao kuliko elimu yao ya teolojia.

Tukianzia mbali, yafaa tukumbuke kwamba baadhi ya watetezi wa kale walio mashuhuri walikuwa Waafrika wa kaskazini. Tertuliano alikuwa mtu wa Karthago; Agostino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, alikuwa mwalimu wa ufasaha na mfuasi wa Wamani kabla ya kubatizwa mwaka 387. Huko Uingereza, karne nyingi baadaye, mambo yalikuwa hivyo hivyo. John Henry Newman alikuwa kasisi wa Kianglikana hadi mwaka 1845, Ronald Knox, aliyeingia mwaka 1917, alikuwa mwana wa askofu wa Kianglikana, G. K. Chesterton, mwandishi wa magazeti, aliingia mwaka 1922. Hao wote ni watu waliohama. Aliyeingia nyumba akiwa mtu mzima huyajua maswali ya walio nje, kwa kuwa jana yalikuwa maswali yake mwenyewe. Aliyezaliwa ndani huenda asijue ni jambo gani lahitaji kuelezwa.

Kwetu Afrika ya Mashariki, waandishi wa kizazi cha kwanza walikuwa wa namna hiyo ya pili. Padre Siméon Lourdel, aliyefika Buganda mwaka 1879 na kubishana na Mprotestanti Alexander Mackay mbele ya Kabaka Mutesa, na Padre Charles Sacleux wa Zanzibar na Bagamoyo, walikuwa watoto wa kaskazini ya Ufaransa, Wakatoliki tangu kuzaliwa, waliolelewa katika seminari kwa Kilatini. (Mackay alikuwa Mskoti fundi wa mitambo, wala hakuwa kasisi, mabishano yale hayakuwa ya wanateolojia wawili.) Sacleux alikuwa bingwa wa lugha asiye na mfano katika zama zake: sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ilianza kutoka mwaka 1939. Lakini ujuzi wa lugha ni jambo moja, na kuyajua maswali ya wenye lugha ni jambo jingine.

Tazama msamiati. Kwa mambo ya moyo na mwenendo, Wakristo waliokota maneno yaliyokwisha kuzoezwa na Uislamu: imani, dhambi, toba, neema, malaika, sala. Kwa mambo yaliyo ya Kanisa peke yake walileta sakramenti, ekaristi na misa. Tazama pia umbo la katekisimu, yaani swali na jibu. Katika umbo hilo anayeuliza ndiye anayejibu. Swali limetungwa na mwenye jibu, na kwa hiyo haliwezi kumshinda. Ni chombo kizuri cha kufundishia. Kuita utetezi ni kukipa sifa isiyo yake.

Hali inabadilika tunapomfikia Mathias Mnyampala (1917–1969). Huyu alikuwa Mgogo wa upande wa Dodoma. Wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alibatizwa na kusoma katika shule ya misheni, akawa mwalimu, kisha karani, baadaye liwali na hakimu. Hakuwa padre. Nasisitiza kazi hizo kwa sababu karani na hakimu ni watu wanaosikiliza hoja za pande mbili kutwa nzima, tena kwa Kiswahili cha watu wa kila kabila na kila dini. Ushairi aliupata katika mapokeo ya pwani, ambayo mabingwa wake walikuwa Waislamu. Sheikh Amri Abedi, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa mtu wa zama zake.

Basi mwaka 1963 kiwanda cha chapa cha misheni ya Ndanda kilitoa Utenzi wa Enjili Takatifu. Umbo la utenzi, lenye vipande vinne vya mizani minane na kina kimoja kinachofunga kila ubeti, ndilo lililotumika pwani kwa karne nyingi kusimulia habari za Mtume na vita vyake. Kulichukua umbo hilo na kulitilia Injili ni hoja tosha, hata mtunzi asipobishana na mtu. Anamwambia msikilizaji kwamba habari hii nayo yaweza kukaa barazani. Padre wa seminari asingaliona haja ya kusema hivyo. Hata hivyo, katika mihadhara yetu Mnyampala hutajwa kwa ngonjera, na tenzi zake za dini hupitwa kwa sentensi moja. Naona hilo ni kosa letu.

Rwanda yatupa mfano wa kulinganisha. Alexis Kagame (1912–1981) alitoka katika ukoo wa wenye kuhifadhi mapokeo ya ufalme. Alipata upadre mwaka 1941, na maelezo yake ya Uumbaji na Ukombozi aliyatunga kwa Kinyarwanda katika namna ya ushairi wa ikulu. Yeye alikuwa padre, Mnyampala mlei. Lakini wote wawili walileta Kanisani chombo kilichofuliwa mahali pengine.

Na Meru je? Mapadre wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901, walifika Tuthu mwaka 1902, kisha wakasogea upande wetu. Meru ikawa prefekturi mwaka 1926 na jimbo mwaka 1953. Wamethodisti walikuwa wameshika Kaaga, na Wapresbiteri Chogoria. Kwa hiyo maswali juu ya Maria, watakatifu na Papa yaliulizwa na jirani kisimani. Aliyeyajibu mara nyingi ni katekista: mkulima aliyebatizwa akiwa kijana, ambaye baba yake alikuwa mzee wa mila.

Makatekista hao hawakuchapishwa. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Aliandika katika madaftari ya shule, Kimeru na Kiswahili vikichanganyika, na tofauti na katekisimu, maswali yake yana majina ya waulizaji: huyu wa Kaaga, yule shemeji. Baadhi ya maswali hayana jibu, ameacha nafasi. Niliporudi kutoka masomo ya ng'ambo nilikuta madaftari mawili. Bibi aliniambia yalikuwa saba, na kwamba kurasa za yale mengine zilikwisha kwa kufungia ugoro.