Kulipia jina la tovuti si kulimiliki

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinivuta kando. Ameanza biashara ya kutembeza wageni, na alitaka kulipia anwani ya tovuti yenye jina la hoteli mashuhuri, akiongeza neno "safari" mwishoni. "Ami, jina liko wazi, nimeshaangalia. Kuna ubaya gani?"

Ubaya upo. Anayeuza majina ya tovuti huangalia tu kama jina limeshachukuliwa, kisha hupokea pesa. Haulizi kama jina hilo ni alama ya biashara ya mtu. Hapa Kenya alama hizo husajiliwa na KIPI, na usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Ukilipia jina la .com, .net au .org, huwa umekubali pia kanuni za usuluhishi zilizopitishwa na ICANN mwaka 1999. Mwenye alama anaweza kukushtaki mbele ya wasuluhishi, kama wale wa WIPO kule Geneva. Ni lazima athibitishe mambo matatu yote:

1. Jina lako ni sawa na alama yake, au linafanana nayo kiasi cha kuwachanganya watu.
2. Huna haki wala sababu halali ya kulitumia.
3. Ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya.

Una siku 20 za kujibu. Ukishindwa, hutozwi fidia hapo, lakini jina linachukuliwa, na mabango na kadi ulizochapisha ni hasara yako. Fidia unaweza kudaiwa mahakamani.

Kesi ya kwanza iliamuliwa Januari 2000. Mkaazi mmoja wa California alisajili worldwrestlingfederation.com, na baada ya siku tatu akataka kuliuzia shirika hilo la mieleka kwa dola 1,000. Alinyang'anywa.

Lakini hata mwenye haki huumia. Uzi Nissan, mfanyabiashara wa kompyuta huko North Carolina, alisajili nissan.com mwaka 1994. Ni jina la ukoo wake. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki. Alibaki na jina lake, ila baada ya miaka mingi ya kesi na gharama kubwa.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipia jina, hata la .ke linalosimamiwa na KeNIC, tafuta kwanza KIPI kama alama hiyo ina mwenyewe. Usidhani kuongeza "safari" au "Mombasa" kunakuokoa. Usinunue jina la mtu kwa kusudi la kumuuzia. Na ukiwa na jina lako mwenyewe, la halwa au mabuibui, lisajili KIPI, kisha uweke risiti zinazoonyesha ulianza lini.

Yule kijana nilimshauri atumie jina la marehemu babake. Tahadhari kabla ya hatari.