Safu ya Lugha: Kiini

Kiini ni sehemu ya ndani kabisa, kama kiini cha yai. Ni chanzo cha jambo pia: twasema kiini cha ugomvi. Katika kompyuta, kiini ni ile programu ya ndani inayogawa kumbukumbu kwa programu nyingine, na huko maana hizi mbili huchanganywa kwa urahisi.

Chukua Solaris 2.4, mfumo endeshi wa kampuni ya Sun wa mwaka 1994. Sehemu moja ya kiini ikiandika nje ya mipaka yake, huharibu data ya jirani, na jirani ndiye anayeanguka baadaye. Kwa hiyo kigawa kumbukumbu alichokibuni Jeff Bonwick kiliweza kujaza nafasi iliyorudishwa kwa alama maalumu, “deadbeef”. Alama ikikutwa imebadilika, fundi hujua kuna aliyeandika bila haki, kisha hufuata rekodi za nani aliitumia nafasi hiyo mwisho.

Basi tusiseme “kiini cha hitilafu” pale mfumo ulipoangukia tu. Hapo tuseme dalili. Kiini tukitaje chanzo kikishathibitishwa.