Mwanga na Sitara: Picha za Wanawake wa Pwani Tangu Enzi za Studio

Mfungo Mosi ukiingia tu, harusi zinafuatana, na wanaokuja kupima nguo kwetu siku hizi hawaulizi habari ya gauni peke yake. Wanauliza na habari ya picha. Mbona picha ya bibi yangu ya mwaka wa hamsini na kitu imetulia vile, uso unaonekana kila mstari, na yangu ya simu ya bei kubwa nimetoka uso mweusi na gauni jeupe kama karatasi? La pili huulizwa kwa sauti ndogo: nitahakikishaje kuwa picha hizi hazitafika kwa watu nisiowajua?

Sisi tunaona maswali haya mawili ni moja, na yana historia ndefu hapa kwetu pwani. Anayetaka kujua kupiga picha nzuri ya mwanamke lazima ajue mambo mawili, mwanga na sitara. Wapo waliojua la kwanza wakadharau la pili, na alama zao tunaziona mpaka leo.

Kamera ilitangazwa Ulaya mwaka 1839. Haikupita hata miaka kumi ikawa imefika kwetu. Nahodha wa Kifaransa, Charles Guillain, aliyezunguka mwambao wa Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, alikuja na chombo cha kupigia picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha moja ilikuwa bamba moja, hakuna ya pili. Baadaye zilichorwa upya zikachapishwa Ufaransa katika kitabu chake, na ndani yake wamo watu wa mwambao huu. Walikaa mbele ya mgeni, mgeni akaondoka na sura zao.

Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa Unguja ulikuwa na studio zake. Wenyewe wengi walikuwa Wagoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Pereira de Lord. Kazi yao ilikuwa safi, hilo hatubishi. Lakini waliuza pia kadi za posta kwa wasafiri wa meli, na kwenye kadi hizo wamo wanawake waliopambwa wakavishwa kanga na mapambo, wakasimamishwa mbele ya pazia. Chini ya picha huoni jina la mwanamke, unaona tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au mrembo wa Unguja. Kadi hizo bado zinauzwa na kununuliwa mpaka leo kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Yule dada alikuwa binti wa nani, alikubali au alilazimishwa, alilipwa au la, kadi haisemi. Sisi washoni tunazitazama kwa ajili ya mishono na namna ya kufunga kilemba, na kila tukizitazama tunaona haya kidogo kwa niaba yake.

Picha iliyo kinyume na hizo ni ya Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Habari yake ya kuondoka nchini mwaka 1866 na ya dini yake ni ndefu na si ya leo. Alipokuwa Ujerumani aliingia studio mjini Hamburg akapigwa picha akiwa amevaa nguo za kwao, kanzu fupi na suruali yenye marinda miguuni, na vito vyake, uso wazi. Nguo zile hakuzivaa kumfurahisha mpigapicha wa kadi. Alitaka aonekane yeye ni nani na katoka wapi. Ukiziweka picha hizi mbili pamoja, ya Salme na ya dada wa kadi ya posta, utaona tofauti kwenye mabega. Mmoja amewekwa, mwingine amekaa mwenyewe.

Hapo ndipo somo la kwanza la ufundi lilipo. Kamera za zamani zilikuwa nzito na kioo chake kilinasa mwanga polepole, kwa hiyo mtu alitakiwa atulie sekunde kadhaa bila kutikisika. Studio nyingi zilikuwa na chuma cha kushikilia kichwa kwa nyuma, ambacho hukioni kwenye picha. Watu husema wazee hawakucheka kwa ukali wao. Jaribu wewe kucheka sekunde sita bila meno kukauka! Lakini ule utulivu ulizaa kitu. Mpigapicha hakuwa na picha mia tano za kuchagua. Alikuwa na moja au mbili, basi alimtazama mtu kwanza, akamgeuza bega, akampangia mikono, akanyoosha pindo la nguo, ndipo akafungua lenzi. Leo mpigapicha anafyatua mara elfu akitumai moja itatoka, na bibi harusi anachoka kabla ya chakula.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe, na baadaye mwanawe Rohit akaendeleza kazi. Wamepita pale masultani, wamepita viongozi, wamepita watu wa kawaida waliotaka picha ya Idd. Mombasa palikuwa na studio ya N. V. Parekh tangu miaka ya 1940, ikisifika kwa picha za wanawake na maharusi. Lamu, Omar Said Bakor alifungua yake miaka ya 1960, naye alikuwa fundi wa kukata na kuunganisha, anakutoa ulipokaa anakuweka ndani ya ua la waridi. Mabinti wa sasa wanaoona programu za simu ni jambo jipya wakaulizie hizo.

Studio za namna hii zilikuwa chumba cha ndani chenye mlango. Mwanamke alifika na buibui lake, mara nyingi pamoja na dada au shangazi, akavua ndani, akapigwa, akavaa, akatoka. Alirudi siku nyingine kuchukua nakala zake mbili tatu. Negativu ilibaki kwa mwenye studio, kwa hiyo familia ilimchagua mtu kwa uaminifu wake kabla ya ustadi wake. Fundi aliyetembeza picha za wake za watu angekosa wateja mtaa mzima.

Sasa turudi kwenye gauni jeupe na uso mweusi, maana hapa ndipo maharusi wengi wanaumia na wanadhani kosa ni rangi yao. Filamu za mwanzo hazikuiona rangi nyekundu. Kwa kuwa ngozi yetu ya maji ya kunde ina wekundu mwingi ndani yake, ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Mafundi wa zamani walikabili hilo kwa taa na kwa penseli, wakichora juu ya negativu kulainisha na kung'arisha. Filamu ya rangi ilipoenea, kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hiyo ikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa. Rangi ikimkaa Shirley vizuri, mashine imewekwa sawa. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Inasemwa wazi na waliokuwa kwenye kazi hiyo kwamba miaka ya 1970 kilichowasukuma kurekebisha filamu ni malalamiko ya wauza chokoleti na wauza samani, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri. Chokoleti, jamani. Nyuso za watu baadaye.

Kamera za leo ni nzuri zaidi, lakini zina tabia moja ya kuijua. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, inadhani kila kilicho mbele yake ukikichanganya kinakuwa kijivu. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha, inasema mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama. Ikiona buibui jeusi inafanya kinyume, inaongeza, na uso unapauka kama umemwagiwa unga. Kwenye simu, gusa uso wa bibi harusi kwenye kioo, kisha pandisha au shusha ile alama ya jua mpaka uso uwe kama unavyouona kwa macho. Gauni likianza kupotea maua yake, usibishane na simu, msogeze mtu. Uso uwe karibu na dirisha kuliko gauni.

Na hili ni la upande wetu wa cherehani. Satini inayong'aa inarudisha mwanga kama kioo, kila mkunjo unakuwa mstari mweupe, na flashi ikiipiga hasa mbele basi tumbo lote linaonekana. Lesi juu ya kitambaa kisichong'aa hutulia. Kwa bibi harusi mwenye rangi ya kukolea huwa tunamshauri rangi ya maziwa badala ya nyeupe ya theluji, ionekane kazi ya mkono aliyolipia. Hina na piko zinataka mwanga wa pembeni. Flashi ya mbele inazifuta, mikono inatoka mitupu na mpambaji alikesha usiku kucha.

Nyumba za mji wetu zina kuta nene na milango mikubwa, na huo mlango ndio taa bora kuliko zote. Mkalishe mtu ndani hatua mbili kutoka mlangoni, ubavu mmoja uelekee nje, upande wa pili tundika shuka jeupe au kanga nyeupe irudishe mwanga kidogo. Rudi nyuma, usimkaribie na simu, maana simu ya karibu hukuza pua. Kuza kidogo kwa lenzi badala ya kusogea.

Tulisema sitara ni la pili. Nchini Iran, mfalme Nasir al-Din Shah, aliyetawala kuanzia 1848 hadi 1896, alipenda kamera tangu ujana na alipiga mwenyewe picha za wanawake wa nyumbani kwake, zikawekwa kwenye albamu za kasri. Ilikuwa mambo ya ndani hasa. Leo picha za binti yake, Esmat al-Dowleh, zinazunguka kwenye simu za dunia nzima pamoja na kisa cha uongo kuwa wanaume 13 walijiua kwa kumkosa, na chini yake watu wanamcheka sura yake. Huenda hata wewe umewahi kutumiwa. Mtoto wa mfalme, ndani ya kuta za kasri, hakuweza kulindwa na kuta zile mara picha ilipotoka. Sisi wa kumbi za kukodi tunajidanganya tukisema kundi la WhatsApp lina ndugu tu.

Maulamaa nao walizungumza mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuruhusu picha za kamera, akiona ni kukizuia kivuli kama kioo kinavyokionyesha, si kuumba. Wengine hawakukubali, wakaruhusu penye dharura kama pasipoti. Muulizeni sheikh mnayemwamini. Lakini juu ya nani anaruhusiwa kumuona mwanamke aliyepambwa, hapo hata walioruhusu picha hawakulegeza.

Basi njia ikawa mwanamke ashike kamera mwenyewe, na hili si la jana. Istanbul mwaka 1919 Naciye Hanım, mke wa mwanajeshi aliyehitaji kipato, alifungua studio ya wanawake juu ya nyumba yake, akaandika mlangoni kuwa ni studio ya wanawake wa Kituruki. Wanawake waliosita kukaa mbele ya mwanamume wakapata pa kwenda, wakapigwa picha za kuwapelekea waume waliokuwa mbali. Alijua mwanga na alikuwa mwanamke, akapata biashara.

Kwetu sasa wapo dada wanaofanya kazi hii, na kwenye harusi nyingi simu huachwa mlangoni. Hawatoshi, na baadhi wanajua sitara lakini hawajui mwanga, maana hakuna aliyewakalisha kuwafundisha. Ukimkodi mmoja, muulize kabla ya kutoa arubuni: kadi ya kamera inabaki kwa nani usiku ule, nani anazisafisha picha, ni yeye au kijana wa dukani, na zinafutwa lini baada ya wewe kupokea zako. Yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Asiyetaka kujibu, mshukuru na utafute mwingine.

Na wewe mdogo wetu mwenye kamera unayetaka kujifunza, usianzie ukumbini. Anza na mama au bibi, saa kumi alasiri, mlangoni, kanga nyeupe upande mmoja. Jiwekee picha sita tu, kama enzi za filamu. Mtazame kwanza, mgeuze bega, mpangie mikono, ndipo ubonyeze. Ukimaliza mpe yeye simu achague mwenyewe ipi ibaki, na nyingine uzifute mbele yake.