Riwaya ilivyopanda bara, na funzo kwa mwandishi wa mpakani

Majuzi kijana mmoja wa shule ya upili kutoka kwetu Marachi aliniletea hadithi yake fupi niisome. Ilianza kwa minazi ikiyumbishwa na upepo wa bahari, mzee wa kanzu akinywa kahawa barazani na majahazi yakitweka tanga. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, umewahi kufika Mombasa?" Akacheka. Hajawahi kuvuka Kisumu. Kwao ni Bumala, kando ya barabara ile ya Busia, ambako malori hupita usiku kucha yakielekea mpakani.

Sikumlaumu, kwa sababu nami nilifanya vivyo hivyo. Mswada wangu wa kwanza, niliouandika nikiwa mwalimu kijana, ulikuwa na baraza na kanzu nyingi kuliko Lamu yenyewe. Mhariri aliurudisha na swali moja tu pembezoni: kaskazi huvuma miezi gani? Sikujua. Mswada ule ungali kabatini hadi leo.

Ugonjwa huu una historia. Mnamo 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ilihitaji sanifu, sina ugomvi na hilo. Lakini sisi wa bara tulikua tukiamini kwamba Kiswahili kina wenyewe, na kwamba anayekiandika hana budi kuazima maneno na mandhari pamoja. Shuleni tukafunzwa kwamba insha nzuri ni ile inayofurika methali. Labda humpendeza msahihishaji, lakini katika hadithi methali isiyo na mtu wa kuisema ni mzigo tu.

Sasa tazama waandishi wakubwa walivyofanya. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni kuanzia 1926 hadi 1944. (Watu wa Busia na Malaba, mnasikia? Forodha!) Aliposimulia udhalimu wa watawala, alibuni nchi inayoelea angani, Kusadikika, katika kitabu kilichotoka 1951. Hakuikimbilia nchi ya kubuni kwa kukosa la kusema kuhusu nchi yake. Ilikuwa mbinu ya mtu aliyejua hasa anachokificha.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mhariri wa magazeti, na mtu wa gazeti hangoji moyo umtume. Ukurasa lazima ujae. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Nenda ukaisome tena ukijua mwisho wake, uone jinsi Bwana Msa anavyotumia vitu vidogo vilivyopitishwa mbele ya macho yetu mapema, tukavipuuza. Mbinu hiyo haiji kwa kipaji. Huja kwa kuandika mwisho kisha kurudi mwanzoni kupanda mbegu.

Ila aliyenifungua macho ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Alipoandika Rosa Mistika, iliyotoka 1971, hakumpeleka Rosa akazaliwe Unguja. Alimzalisha Namagondo. Sentensi zake ni fupi, kavu, hazivai kanzu. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa ukweli wake, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hakijui kinachosimulia. Na ziwa linalozunguka Ukerewe si jingine, ndilo hili linalopiga mawimbi Port Victoria, hapa hapa Busia!

Kisha akaja jirani yetu, marehemu Ken Walibora. Katika Siku Njema ya 1996, Kongowea anaondoka Tanga kumtafuta babake na safari inamleta mpaka pande za Kitale, eneo ambalo Walibora alilijua tangu utotoni. Mimi huisoma safari hiyo kama historia ya riwaya yenyewe ikipanda kutoka pwani kuja kwetu. Bado haijafika mpakani ipasavyo. Hata magendo ya kahawa ya miaka ya sabini, yaliyotajirisha na kuua watu katika ukanda huu, riwaya ninayoijua kuyahusu, Black Gold of Chepkube ya Wamugunda Geteria (1985), iliandikwa kwa Kiingereza.

Ilhali masikio tunayo. Neno boda boda, linalotumika leo kote Afrika Mashariki, lilizaliwa Busia, katika vinywa vya waendesha baiskeli waliokuwa wakiita abiria wa kuvuka mpaka. Mtu aliyesimama pale siku moja na daftari angerudi nyumbani na mhusika, mgogoro na neno jipya. Mimi sasa hubeba kijidaftari mfukoni. Naandika yanayosemwa sokoni jinsi yalivyosemwa, Kimarachi, Kiteso, Kijaluo na Kiganda vikigongana ndani ya Kiswahili, kisha jioni nasoma kwa sauti. Msimulizi wangu hubaki na usanifu wake. Mama wa sokoni namwachia kinywa chake. Ulimi ukijikwaa mahali, hapo ndipo pa kufuta.

Nilimrudishia kijana wetu hadithi yake nikamwomba aandike tu kile kinachoonekana mlangoni pao saa kumi alfajiri. Baada ya wiki mbili alileta kurasa nne: foleni ya malori, utingo aliyelala chini ya trela, na msichana anayeuza chai ambaye anajua kwamba utingo yule hana pasi. Nilisoma nikasahau kalamu. Tatizo ni kwamba utingo huyo, akiamshwa na polisi, anajitetea kwa methali tatu mfululizo. Nimezipigia mstari mwekundu, na kijana amekwenda kuandika upya.