Mto Juba, Mpaka Uliohamishwa
Nikiitazama ramani ya mkoa wa Juba ya Kati, naona Saakow, Bu'aale na Jilib zikiufuata mto. Makao makuu ni Bu'aale. Sawa, ila kwa miaka mingi wanaotawala huko ni al-Shabaab, si Mogadishu.

Mto huu uliwahi kuwa mpaka. Ng'ambo ya magharibi ilikuwa ya Waingereza, chini ya Nairobi, hadi 1925 walipoikabidhi kwa Italia. Kingoni walikuwepo wakulima, wakiwemo Wazigua waliotoroka utumwa kwenye mashamba ya Shabelle karne ya 19 wakajificha msituni Gosha. Kizigua chao hawakukiacha. Vita vya 1991 vilipowafukuza, baadhi walikimbilia Tanga, kwao kwa mababu, na Tanzania ikaja kuwapa uraia.