Magazeti Madogo ya Wapenzi wa Tolkien

Sisi tunaotunga kurasa hizi hapa Keshero tunajua taabu yake: karatasi ni chache, makala hayafiki kwa saa, na wasomaji wenyewe ndio waandishi. Kwa hiyo tulipenda kuchungua magazeti mengine madogo, yaliyozaliwa Marekani kwa ajili ya mtunzi mmoja tu, J. R. R. Tolkien.

Huyo alikuwa mwalimu wa lugha kule Oxford, mkatoliki, yatima aliyeangaliwa na padri. Katika miaka 1954 na 1955 alitoa The Lord of the Rings, hadithi ndefu ya nchi ya kubuni, yenye wafalme wake na lugha zake. Kitabu kilikuwa cha bei kali, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa wametawanyika mbalimbali.

Basi, mwezi wa nane 1960, Ted Johnstone wa Los Angeles akatoa I Palantir. Ni jina la jiwe la katika hadithi: ukilitazama, unaona mambo ya mbali. Hata 1966 zilikuwa zimetoka namba nne tu. Tusicheke. Magazeti ya namna ile yalipigwa juu ya stensili, yakazungushwa kwa mashini ya roneo, na posta ililipwa kwa mfuko wa mwenyewe.

Mwaka 1965 kampuni Ace Books ilichapa kitabu kile kwa bei ndogo, bila ruhusa ya mtunzi wala kumlipa. Tolkien akawaomba wasomaji wa Marekani wasikinunue. Habari ikaenea kati yao, na mwaka 1966 kampuni ikakubali kulipa. Sisi wanafunzi tunaopiga fotokopi vitabu vizima, neno hili linatuchoma kidogo.

Mwaka uleule wa 1965 Richard Plotz wa New York, angali mwanafunzi wa sekondari, alianzisha chama na gazeti, Tolkien Journal. Kule Kalifornia kijana Greg Shaw akatoa Entmoot. Na mzee hakuwadharau. Alimjibu Plotz. Baadaye akampelekea hata jedwali la majina ya Kikwenya, lugha aliyoibuni, sawasawa na rosa, rosae ya Kilatini chetu!

Lakini kazi tunayoisifu zaidi ni ya Robert Foster. Alikusanya majina ya watu na mahali pa hadithi, akayaeleza moja moja, na Ed Meskys akayatoa kidogo kidogo katika gazeti lake Niekas. Mwaka 1971 yakawa kitabu, na 1978 kikaongezwa. Christopher, mwana wa Tolkien, alipotoa maandiko ya baba yake mwaka 1980, alikiri kwamba kitabu hicho alikitumia mara nyingi.

Leo Chuo Kikuu cha Marquette, cha Wayezuiti, kule Milwaukee, kinatunza karatasi alizoziandika Tolkien kwa mkono, zilizonunuliwa mwaka 1957. Pamoja nazo, humo humo, yanatunzwa na magazeti ya roneo ya wapenzi wake.