Mbu wa kijivu wa Ronald Ross

Ukimwona mbu ametua ukutani huku amebinua tumbo juu, unajua huyo ni anofelesi, ndiye wa malaria. Tulifundishwa hivyo shule ya msingi tukaendelea na maisha. Hebu sasa jiulize: kabla ya mtu yeyote kulijua hilo, ungeanzia wapi?

Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India, alianzia pabaya. Mwaka 1894, akiwa likizo London, Patrick Manson alimwonyesha vimelea vya malaria kwenye hadubini, akampa wazo kwamba mbu huvinyonya kutoka kwa mgonjwa. Hadi hapo sawa. Ila Manson alidhani mbu hao hufia majini, na watu huugua kwa kunywa maji hayo. Basi Ross akarudi India mwaka 1895 akawanywesha watu maji yaliyofiwa na mbu! (Leo kamati ya maadili isingemruhusu hata kumaliza kusoma ombi lake.) Mmoja akapata homa, Ross akafurahi. Waliofuata, wapi.

Kosa la pili lilimgharimu zaidi. Kwa karibu miaka miwili alipasua mbu wa kijivu na wale wenye mistari, yaani kuleksi na aedesi. Vimelea viliingia tumboni mwao, kisha vikapotea.

Hapa ndipo mimi namvulia kofia. Mbu wake aliwalea mwenyewe tangu viluwiluwi, kwa hiyo alijua kila mmoja amenyonya damu ya nani na lini. Ndiyo maana sifuri zake zilikuwa na uzito. Angekuwa anakamata mbu ovyo ukutani, asingejua kama amekosa kitu kwa sababu hakipo au kwa sababu mbu hajawahi kumnyonya mgonjwa. Yeye aliweza kusema: aina hizi hapana, tafuta nyingine.

Agosti 1897, Secunderabad, wasaidizi wake walimletea viluwiluwi waliotoa mbu wa kahawia wenye madoa kwenye mabawa. Tarehe 16 waliachiwa wamnyonye mgonjwa aitwaye Husein Khan, aliyelipwa anna moja kwa kila mbu. Joto lilikuwa kali, jasho limetia kutu skrubu za hadubini, na pangaboi halikuweza kutumika kwani lingepeperusha mbu. Tarehe 20, akiwa amebakiwa na mbu wachache, aliona kwenye ukuta wa tumbo vijiduara vyenye chembe nyeusi, zilezile za vimelea vya malaria. Kesho yake akapasua mwingine: vijiduara vimekuwa vikubwa. Vilikuwa vinakua!

Unadhani wakuu wake walimpongeza? Walimhamishia Kherwara, ambako malaria ilikuwa adimu. Alipofika Calcutta mwaka 1898 akageukia malaria ya ndege, na Julai akavifuata vimelea hadi kwenye tezi za mate za mbu, kisha mbu hao wakawaambukiza shomoro wazima kwa kuwauma. Na mbu aliyebeba malaria ya ndege alikuwa nani? Yule yule wa kijivu aliyemkataa.

Kwa binadamu, Giovanni Battista Grassi na wenzake huko Italia walithibitisha anofelesi mwaka huohuo. Tuzo ya Nobel ya 1902 ikaenda kwa Ross peke yake, na wawili hao wakabaki kurushiana maneno kwa miaka mingi.